Maleba ya Dalali

Galgallo alitoka nyuma ya pazia amevaa koti jeusi, miwani nyeusi na kitambi cha pamba kilichomtangulia, na Hinda hakumpa hata nafasi ya kufungua mdomo.

"Kavue," alimwambia.

Hinda ndiye aliyeuandika mchezo ule wa kuigiza, na ndiye aliyekuwa akiuongoza. Ni mwanamke wa maneno machache, lakini hayo machache ukiyapata yanakutosha wiki nzima. Aligeuka akamtazama Idil, mshonaji wa maleba, aliyekuwa amekaa mstari wa mbele na pini midomoni.

"Idil, tuseme una ngamia mmoja tu duniani. Huyu dalali anakujia sokoni anakwambia, mama, nipe nikuuzie. Utampa?"

Idil alizitoa pini. "Simpi."

"Basi na mjane wangu wa jukwaani hampi. Asipompa, mchezo wangu umeishia hapo, watu waende kwao wakanywe chai."

Idil aliinuka kwenda kulichukua koti. Alikuwa amesomea ubunifu wa mavazi Nairobi, akarudi Garissa akafungua chumba cha ushonaji karibu na soko, na siku nyingi alikuwa akishona sare za shule na madera ya harusi. Maleba ndiyo aliyoyapenda. Mjane wa mchezo alikuwa amempatia sawasawa: dera lililofifia kwa kufuliwa, na juu yake mtandio wa thamani kuliko dera lenyewe, kwa sababu mwanamke anayeingia mjini huuficha umaskini wake kuanzia juu. Mnunuzi wa Nairobi alimvika viatu vya ngozi akavifunga mifuko ya plastiki, maana mtu wa Nairobi anaogopa mavi ya ngamia, na watu walicheka kabla hajasema neno. Dalali tu ndiye aliyemshinda.

Na mchezo mzima ulimtegemea huyo dalali. Kama hujawahi kufika soko la mifugo la Garissa, ujue kwamba pale bei haitajwi kwa mdomo. Dalali na mnunuzi hushikana mikono, shali hutupwa juu ya mikono hiyo, na vidole ndivyo vinavyosema. Walio pembeni wanaona nyuso mbili zinazotazama mbali, basi. Vidole vikishakubaliana, dalali anamgeukia mwenye mnyama na kumwambia, tumepata kadha wa kadha. Amwamini asimwamini, shauri yake. Katika mchezo wa Hinda, mjane kutoka Eldas anamleta ngamia wake wa pekee. Dalali anapata bei kubwa chini ya shali, anamtajia mjane bei ndogo, na mjane anamshukuru.

Idil alirudi dukani akalitupa lile koti jeusi juu ya rundo la vitambaa. Alijiona mjinga. Mwizi anayefanana na mwizi atakula wapi? Lazima awe mtu ambaye ukimwona unampa kamba ya ngamia wako bila kufikiri mara mbili. Alichukua kitambaa, akakaa kwenye cherehani, na mikono yake ikaenda yenyewe. Kuna siku kazi inakushika, hujui chai imepoa saa ngapi wala adhana imepita ya sala gani.

Alianza na shati jeupe ambalo si jipya. Kola yake aliifumua, akaigeuza ndani nje na kuishona upya, kama wafanyavyo watu wasiopenda kutupa nguo nzuri kwa sababu ya kola iliyochanika. Kifungo cha shingoni alikikaza, kwa kuwa mtu wa heshima hafungui kifungo hicho hata jua likiwa la kupasua mawe. Kikoi cha miraba akakipiga pasi mpaka mkunjo ukasimama. Kalamu mfukoni. Halafu shali ya kijani ya begani, na hiyo ndiyo iliyomla siku mbili nzima. Aliichemsha kwa magadi, akaianika juu ya mabati, kisha akachukua jiwe la kusugulia miguu akaisugua ncha moja, ile inayofunika mikono, mpaka nyuzi zikaanza kuonekana.

Galgallo alipotoka nyuma ya pazia mara ya pili, alitoka mtu mwingine. Kijana yule wa Kiborana, ambaye kwa kawaida hatembei bila kurukaruka, alikuja taratibu, akaigusa shali begani kwa vidole viwili, akamsalimia mjane kwa kumuuliza habari za mvua, watoto na mifugo, na sauti ikamshuka yenyewe. Waliokuwa wakinong'ona ukumbini waligeuka kumtazama. Hinda alitabasamu, jambo ambalo halijatokea tangu mazoezi yaanze.

Rahmo, yule aliyeigiza mjane, ndiye aliyemtambua kwanza. "Abaayo, dada yangu Idil," alisema, "si huyu ni baba yako?"

Watu waliangua kicheko. Galgallo naye, kwa kuwa ni mchokozi, akaigusa tena shali kwa vidole viwili, na kicheko kikazidi.

"Kikulacho ki nguoni mwako, dada," Rahmo alimtania.

Idil alicheka pamoja nao, lakini kwa meno tu. Alikuwa anatazama kola. Kila mwaka yeye ndiye aliyegeuza kola za mashati ya baba yake. Kifungo cha shingoni, kalamu isiyoandika, kikoi cha miraba, shali ya kijani iliyochakaa upande mmoja: alimshona baba yake, Mzee Sugow, kuanzia shingoni hadi miguuni, Sugow dalali, ambaye soko lote la Garissa linamjua, na hakujua kama anamshona. Alitaka mtu wa kuaminika, na mikono yake ilimjua mmoja tu.

Kisha mazoezi yakaendelea, na Idil akamwona mtu yule aliyevaa nguo za baba yake anaushika mkono wa mnunuzi, anautupia shali, anatazama mbali. Akamwona anamgeukia mjane na kumdanganya kwa sauti nzuri ya upole. Mjane akasema, Mungu akuzidishie.  Idil amekula, amevaa, amesoma Nairobi kwa vidole vya baba yake chini ya shali, na katika maisha yake yote hajawahi kujua vidole hivyo vinasema nini. Hakuna aliyejua. Ndiyo maana ya shali.

Shetani akishapata ufa haombi mlango. Usiku ule, akila na baba yake nyumbani, Idil alikumbuka jambo la utotoni. Mwanamke mmoja wa upande wa Bute alikuja langoni kwao mwaka wa ukame, akazungumza na baba yake kwa muda mrefu, akaondoka akifuta macho kwa ncha ya mtandio. Idil hakuuliza wakati ule. Sasa alimtazama baba yake akimega anjera kwa vidole vile vile, na akatamani asingemkumbuka mama yule.

Sugow mwenyewe alikuwa na furaha yake. "Jumamosi ninakuja kuutazama mchezo na madalali wenzangu," alisema. "Nimewaambia sokoni, watu wote watakaowaona pale juu amewavika binti yangu."

"Msije, aabo," Idil alimwambia baba yake. "Kuna joto ukumbini."

"Joto? Mimi ninasimama kwenye jua na ngamia tangu kabla hujazaliwa, unaniambia joto la kukaa kwenye kiti?" Alicheka akaomba chai.

Hapo ndipo Idil alipojua lililo mbele yake. Dalali hana duka, hana shamba, hana leseni ya maana. Ana jina lake tu. Mtu wa Dagahaley anaondoka na mbuzi wake, anapita madalali wote, anauliza, Sugow yuko wapi? Siku watu watakapomwona mwizi jukwaani wakasema, aa, si Sugow huyu, siku hiyo jina limekwenda, na jina la uzeeni halishonwi upya. Kesho yake alirudi dukani, akayatundika yale maleba mazuri nyuma ya mlango na kuyafunika kanga, akashona mengine. Koti la hudhurungi. Kilemba chekundu. Pete kubwa za bati. Shali hakumpa kabisa, alimpa gazeti la kufunikia mikono.

Hinda aliyatazama yale mapya kwa muda. "Hiki ni nini?"

"Ni dalali."

"Huyu ni dalali wa katuni. Idil, yule wa juzi alinifanya niogope. Huyu ananifanya nicheke."

"Yule wa juzi simtoi."

"Kwa nini?"

"Simtoi tu, Hinda. Tafadhali."

Hinda si mjinga, na alikuwepo Rahmo aliposema alichosema. Alishusha pumzi. "Nguo ni zako," alisema. "Mchezo ni wangu, na unaumia. Lakini nguo ni zako."

Jumamosi alasiri ukumbi ulijaa. Madalali walikaa safu ya mbele, bakora katikati ya magoti, Sugow katikati yao akiwa amepakwa hina mpya ndevuni. Galgallo alipoingia na kilemba chake chekundu, watoto walipiga mbinja na watu wazima wakacheka. Alijitahidi, maskini, lakini nguo zilikuwa zimeshasema kabla yake. Ilipofika pale mjane anapomkabidhi kamba ya ngamia, mama mmoja alipaza sauti kutoka katikati, "Wewe mama, huoni kwamba huyo ni mwizi? Huna macho?" Ukumbi ukacheka tena, na safari hii walikuwa wanamcheka mjane. Rahmo alitoa machozi yake yote na hayakumsaidia. Mwanamke aliyeibiwa alionekana mpumbavu aliyejitakia, na Idil, amesimama pembeni ya pazia na sindano yenye uzi mkononi, alijua ni yeye aliyemfanyia hivyo.

Mchezo ulipokwisha alikwenda dukani moja kwa moja. Hakutaka kusalimiana na mtu. Jua lilikuwa linaelekea kuzama, korongo wamekaa juu ya miti ya mwarobaini, na alikuwa ameanza kufunga dirisha alipomwona baba yake mlangoni, na chupa ya maziwa ya ngamia mkononi.

"Umenikimbia," Sugow alisema. "Nilitaka wenzangu wakupe pongezi." Alikaa kwenye kiti cha wateja, akaweka chupa chini. "Yule mjane, mtandio wake. Nimewaona wanawake wa namna ile maisha yangu yote na sijawahi kuutazama mtandio. Umenifungua macho."

"Ahsante, aabo."

"Dalali tu ndiye sikumwelewa. Ni mtu wa wapi yule? Soko letu halina mtu wa namna ile."

Idil aligeuka kumalizia kufunga dirisha. Sugow alinyoosha miguu, akaegemea, na bega lake likasukuma mlango. Kanga ikateleza. Yale maleba yakabaki wazi, shati, kikoi na shali.

Mzee aliyatazama. Aliinuka, akaishika kola, akaipapasa kwa kidole gumba kama anayetafuta mshono. Halafu akashika ncha ya shali, pale palipochakaa.

"Hizi ni zangu?"

"Si zako, aabo. Nilizishona."

"Naona umezishona. Nauliza kama ni zangu."

"Ni zako," Idil alisema.

"Alikuwa azivae yule kijana aliyeigiza."

"Ndiyo."

"Mbona hakuzivaa?"

"Niliogopa. Watu wangekujua. Wangesema yule mwizi ni Sugow."

Sugow alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayepima bei. "Uliogopa wangesema uongo," aliuliza, "au uliogopa wangesema kweli?"

Jibu lilikuwa jepesi, mtoto wa chekechea angelitoa: uongo, aabo, uongo mtupu. Idil alilijua. Lakini lilichelewa. Lilichelewa kidogo tu, na dalali ni mtu anayekula kwa kusoma kusita kwa wenzake. Sugow alisoma.

Mzee aliumia. Nisizunguke maneno, aliumia sana. Alirudi kwenye kiti akakaa, na Idil akaona amezeeka tangu pale alipoingia.

"Uliza," alimwambia. "Kama lipo, uliza."

"Yule mama wa Bute aliyekuja langoni, mwaka wa ukame."

"Kumbe ulimwona." Aliisogeza chupa ya maziwa kwa mguu. "Ngamia wake aliuzwa bei ndogo. Mwaka ule wote waliuzwa bei ndogo, walikuwa mifupa inayotembea. Nilimwambia hivyo. Hakuamini. Alisema nimeficha kitu chini ya shali."

"Ulificha?"

"Nikikwambia sikuficha, utasema huyu ni dalali, maneno ndiyo kazi yake. Nikikwambia nilificha, utaniamini mara moja." Alicheka kidogo bila furaha. "Sina shahidi, Idil. Mwenye shali hana shahidi. Nilidhani ninaye mmoja nyumbani."

Idil alilia. Alitaka kusema nisamehe, akasema, lakini lilitoka pamoja na mengine mengi na sijui kama mzee alilisikia. Sugow alisimama, akaitengeneza shali yake begani kwa vidole viwili.

"Jumamosi ijayo mnacheza tena?"

"Tunacheza."

"Mvishe kijana nguo zake."

"Aabo, usiniambie hivyo. Utapoteza kazi."

"Leo umenificha, na wewe peke yako ndiye uliyeniona mwizi. Waache wote waone, waamue wenyewe. Nitakaa pale pale nilipokaa leo."

Wiki ile ilikuwa ndefu nyumbani kwao. Sugow hakununa, wala hakugomba. Angegomba, Idil angeshukuru. Alikuwa mpole kupita kiasi. Akipewa chai anasema ahsante, akipita anaomba njia, kama mgeni aliyefikia kwa watu asiowajua vizuri. Kwa Wasomali, baba humwita mwanawe kwa jina lile lile analoitwa yeye, kwa hiyo tangu utoto Idil alikuwa "aabo" kwa baba yake kama vile baba alivyokuwa "aabo" kwake. Wiki ile alimwita Idil.

Idil alimwambia Hinda kwamba yale maleba yamerudi. Hinda alimtazama usoni, akaona macho yaliyovimba, akamshika mkono na hakuuliza.

Jumamosi ya pili madalali wengine hawakuja. Habari za yale maleba zilikuwa zimeshapita, Garissa ni mji mkubwa lakini masikio yake ni mamoja. Sugow alikuja peke yake. Alivaa alivyovaa kila siku ya Mungu: shati jeupe lenye kola iliyogeuzwa, kifungo cha shingoni, kalamu, kikoi cha miraba, shali ya kijani. Alikaa safu ya mbele katikati, viti vitupu huku na huku, bakora katikati ya magoti.

Galgallo alipotokea, hakuna aliyecheka. Watu walimtazama yeye, wakamtazama mzee aliyekaa chini yake, wakamtazama yeye tena. Simu zilitoka mifukoni. Galgallo mwenyewe, akimwona Sugow hatua chache kutoka miguuni pake, alisahau maneno, na Rahmo akamsaidia kwa kumuuliza habari za mvua. Sugow hakuyaondoa macho yake jukwaani hata mara moja.

Shali ilitupwa. Mikono ikapotea. Nyuso mbili zikatazama mbali, na ukumbi mzima ukawa unaitazama ile ncha iliyochakaa, inavyotikisika kidogo kwa vidole visivyoonekana. Dalali akamgeukia mjane akamtajia bei, kwa upole, kwa masikitiko, kama mtu aliyejitahidi mpaka mwisho. Mjane akasema, Mungu akuzidishie. Nyuma kabisa, sauti ya mwanamke mmoja ikasema, si kwa kelele, bali kama anajiambia mwenyewe, "Hata mimi ningempa."

 Wanawake kadhaa walijifuta macho. Idil nyuma ya pazia alijua kwamba hiyo ndiyo kazi bora aliyowahi kuifanya, na angetoa chochote isiwe yake.

Watu walipotoka walimsalimia Sugow, maana adabu ni adabu, lakini mikono ilitolewa haraka na kurudishwa haraka. Kabla ya jua kuzama, picha mbili zilizowekwa ubavu kwa ubavu zilikuwa zimefika kwenye simu za watu mpaka Wajir: tafuta tofauti. Siku ya Jumatatu kijana mmoja kwenye kibanda cha chai alimwita mzee "Galgallo mkubwa." Sugow alimaliza chai yake, akalipa, akaondoka.

Jumatano ni siku ya soko. Idil alifunga duka akaenda, bila kumwambia mtu. Alisimama nyuma ya lori lililokuwa likipakia mbuzi, vumbi likimwingia puani, akamwona baba yake mahali pake pa siku zote, chini ya nguzo ya uzio, shali begani. Watu walikuwa wengi siku ile, mvua imenyesha na wanyama wamenenepa. Walipita. Wengine walimsalimia wakiwa wanatembea, wengine walikumbuka ghafla kuangalia kwato za wanyama wao. Madalali wengine walikuwa na mikono chini ya shali kila upande. Sugow alisimama. Jua lilipanda, naye akasimama, na Idil alitaka kwenda kumshika mkono amrudishe nyumbani, lakini aibu ilimzuia.

Kisha akaja mwanamke mmoja, mtu mzima, anamvuta ngamia jike mchanga, na mtandio wake ulikuwa mzuri kuliko dera lake. Alisimama mbele ya Sugow akamtazama kuanzia ndevu mpaka kandambili.

"Mimi ni Maka, wa Eldas," alisema. "Nilikuwa ukumbini. Wewe ndiye uliyekaa mbele."

"Ni mimi."

"Na hawa wenzako?" Alizungusha kidevu kuwaonyesha madalali.

"Hawakuja."

Maka alifikiri. Ngamia alinusa kikoi cha mzee. "Mimi nampa yule aliyekuja," alisema hatimaye, akamkabidhi kamba. "Lakini hiyo shali itoe. Sitaki vidole. Taja kwa mdomo, nisikie na mimi."

Mnunuzi alikuwa ameshasogea. Madalali waliokuwa karibu waliinua vichwa. "Sugow," mmoja alisema kwa sauti ya chini, "usituharibie soko. Ukitoa wewe leo, kesho wanatuambia sisi sote tutoe."

Mzee aliishika shali begani. Ilikaa pale tangu ujana wake, na watu wengine hawakuwahi kumwona bila hiyo. Aliishusha. Pale begani shati lilikuwa jeupe kuliko kwingine, halijapigwa na jua miaka mingi. Alitazama huku na huku akitafuta mahali safi pa kuiweka katika vumbi lile, ndipo macho yake yakamwangukia binti yake nyuma ya lori. Hakushangaa, au hakuonyesha.

"Aabo," alimwita, "njoo unishikie hii."

Idil alikwenda akaipokea kwa mikono miwili. Mnunuzi alikuwa ameshanyoosha mkono wake kwa mazoea, unaning'inia hewani, unangoja. Sugow hakuushika. Alikohoa, akasafisha koo, na Idil, aliyelelewa na soko lile tangu kuzaliwa kwake, kwa mara ya kwanza maishani akamsikia baba yake akitaja bei.